Mvua Tatu za Durban

Hotuba kwa makedi (wabeba mabegi ya wachezaji), wachezaji na vijana wanaojifunza gofu, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, ndugu zangu, wenzangu wa begi, na nyinyi watoto mliokaa kwenye mkeka hapa mbele, salaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie historia ya klabu ya gofu ya pwani. Najua wengi wenu mlitarajia nianzie hapa nyumbani, na klabu ya Mombasa ya mwaka 1911, pale juu ya mlango wa Kilindini, ambapo umeshika fimbo yako na meli ya makontena inapita chini yako. Ama Nyali, ya mwaka 1956. Hizo tunazijua, tumezitembea kwa miguu yetu, na siku yake itafika. Jioni hii naomba mnifuate mbali kidogo. Bahari ni hii hii. Shuka nayo kusini, uiache Tanga, uiache Dar es Salaam, uimalize pwani yote ya Msumbiji, utaingia Durban, Afrika Kusini. Kando ya bahari pale pana klabu inayoitwa Durban Country Club. Kila nikiisoma historia yake nakuta mvua. Mvua tatu. Nitawasimulia zote tatu.

Mvua ya kwanza ni ya mwaka 1919.

Wakati huo Country Club haijazaliwa. Durban walikuwa na klabu nyingine, Royal Durban, iliyoanzishwa mwaka 1892, na uwanja wake uko ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Greyville. Farasi wanazunguka nje, wacheza gofu wako ndani ya duara. Sasa, mahali penyewe ni bondeni. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Mwaka huo mashindano ya wazi ya Afrika Kusini yakapelekwa pale, na uwanja ukageuka kinamasi. Aliyeshinda, W. H. Horne, alimaliza kwa mapigo 320.

Watoto, chukueni 320 mgawanye kwa raundi 4. Mnapata ngapi?

(Themanini!)

Themanini. Bingwa wa nchi nzima, na kwa wastani amepiga 80 kila raundi, na kwenye gofu mapigo machache ndiyo bora. Wenzangu wa begi mnajua 80 ni alama ya nani. Ni alama ya mwanachama mzuri wa Jumamosi. Ikiwa bingwa kapiga 80, basi huo si uwanja, ni shamba la mpunga.

Watu wa Durban wakaingiwa na hofu kwamba mashindano makubwa hayatarudi kwao tena. Wakatafuta ardhi nyingine, na mwaka 1922 wakaanzisha klabu mpya karibu kabisa na bahari, juu ya vilima vya mchanga. Kwa nini mchanga? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloeleza klabu za pwani zote, hata zetu.

Mchanga hunywa maji. Mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi unatembea na viatu vikavu. Na gofu yenyewe ilikulia kwenye mchanga. Kule Uskoti ilichezwa kwenye ardhi iliyo kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa kulima, nyasi fupi, kondoo wanajichimbia pa kujikinga na upepo, na wenye mchezo wao wanapita humo humo. Uwanja wa St Andrews ulikuwa na mashimo 22, ukapunguzwa kuwa 18 mwaka 1764, na ndiyo sababu sisi leo, huku ikweta, tunabeba begi mashimo 18 na siyo 22. Mmoja wa waliouchora uwanja mpya wa Durban alikuwa mtoto wa St Andrews huyo huyo, Laurie Waters, aliyekuwa ameshashinda mashindano ya wazi ya Afrika Kusini mara 4. Mwenzake aliitwa George Waterman. Hawakusawazisha vilima. Waliviacha, wakapitisha mchezo katikati yake. Mpaka leo, shimo la tatu unasimama juu kabisa, chini yako kuna bonde refu jembamba, kichaka kushoto, kichaka kulia, na mpira wako una njia moja tu.

Na upepo! Nyinyi mnaojua kusi na kaskazi mngejisikia nyumbani. Durban pia wana pepo mbili zinazopokezana, moja inatoka kaskazini mashariki, nyingine kusini magharibi, na shimo ambalo jana ulilipiga kwa fimbo ya chuma namba 9 leo linataka namba 5, inayofika mbali zaidi. Kedi asiyejua upepo hamsaidii mtu pale. Ni mzigo juu ya mzigo.

Mwaka 1924 mashindano ya wazi yakarudi Durban, safari hii juu ya mchanga. Yamerudi mara nyingi tangu hapo. Gary Player, yule bingwa wa Afrika Kusini ambaye wote mnamjua, alishinda taji lake la kwanza la mashindano hayo pale pale mwaka 1956.

Kabla sijaiacha miaka ya 1920, niwape kisa kimoja, na naomba mkiweke mfukoni kwa sababu nitakihitaji baadaye. Shimo la 12 ni fupi, la mapigo matatu, yaani mchezaji mzuri hutegemewa alimalize kwa mapigo matatu. Kijani chake, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu, kiko juu kama mgongo wa ngamia, huku mteremko, huku mteremko. Mwana wa Mfalme wa Uingereza, Edward, alikuja kucheza. Akapiga, mpira ukateremka upande huu. Akaurudisha, ukapita juu, ukateremka upande wa pili. Huku na huku, huku na huku. Alimaliza shimo hilo kwa mapigo 17. Na shimo hilo linaitwaje hadi leo? Linaitwa Prince of Wales, kwa cheo chake. Kwa heshima yake. Kiwekeni mfukoni.

Sasa nije kwenye mvua ya pili.

Kuanzia mwaka 1860 Waingereza walileta Wahindi Natal, jimbo lenye Durban, kwa mikataba ya kazi, walime miwa. Sisi wa pwani hii tunazijua hadithi za namna hiyo, maana reli yetu nayo ilijengwa na watu walioletwa kwa mikataba hivyo hivyo. Katika jamii hiyo ya Durban, karibu na mdomo wa mto Umgeni, alizaliwa mtoto jina lake Sewsunker Sewgolum. Watu walimwita Papwa. Nyumba ya kimasikini. Shule hakuipata, kusoma na kuandika hakujua. Karibu na kwao palikuwa na uwanja wa gofu wa Beachwood, na kijana akaenda kufanya nini?

(Kubeba begi!)

Kubeba begi. Mmejibu haraka kwa sababu ndivyo na sisi tulivyofanya.

Papwa alijifundisha mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyemshika mkono, na mkono wenyewe ukakaa kinyume. Naomba mtu aniazime fimbo. Ahsante. Tazameni. Sisi sote tunaofundisha, kwa mtu wa mkono wa kulia, tunasema mkono wa kushoto uwe juu, wa kulia uwe chini, hivi. Papwa alishika hivi: wa kulia juu, wa kushoto chini. Jaribuni nyumbani muone. Viwiko vinagombana. Mwalimu yeyote angemwambia acha, unaharibu. Hakuna aliyemwambia, na kwa mshiko huo huo alipiga mpira ukaenda alikotaka yeye. Mimi nafundisha watoto mwaka wa kumi na mbili sasa, na tangu nimjue Papwa nimepunguza kusema "umekosea". Kwanza naangalia mpira umeanguka wapi.

Mzungu mmoja mkemia wa Durban, Graham Wulff, ambaye ndiye aliyetengeneza mafuta ya uso ya Oil of Olay, alimwona Papwa kazini na akaelewa alichokuwa anakiona. Mwaka 1959 akamsaidia kwenda Ulaya. Kedi huyu, asiyejua kusoma jina lake kwenye ubao, akaingia mashindano ya wazi ya Uholanzi, akashinda. Akashinda tena mwaka 1960. Akashinda tena mwaka 1964. Mara 3!

Nyumbani kwake hali ilikuwa nyingine. Ule ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi uliowekwa kwa sheria, sheria inayosema nani akae mtaa gani, nani aingie mlango upi, nani anywe chai chini ya paa lipi. Papwa alipata ruhusa ya kucheza mashindano ya wazi ya Natal ya mwaka 1963. Yakachezwa wapi? Durban Country Club.

Alicheza raundi zote na hakuruhusiwa kuingia kwenye jumba la klabu. Wenzake wakimaliza raundi wanapanda ngazi, wanakaa, wanakula. Yeye anabaki nje. Siku ya mwisho alikuwa ameshinda. Amewashinda wote, mbele ya macho yao, kwenye uwanja wao. Na mvua ikaanza kunyesha.

Wenzake walikuwa ndani, chini ya paa. Yeye alikabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua.

Picha ikapigwa, na picha hiyo ikazunguka dunia. Watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwao waliitazama wakaelewa ubaguzi wa rangi ni kitu gani, bila maelezo. Mwaka uliofuata, 1964, Afrika Kusini haikushiriki Olimpiki ya Tokyo, mwaliko wake uliondolewa, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika Olimpiki. Sisemi picha moja ndiyo iliyofanya hayo yote, waliopigania ni wengi na wengine walilipa kwa maisha yao. Nasema ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowafanya watu washindwe kugeuza uso.

Sasa kitoeni kile kisa mfukoni. Mwana wa mfalme kapiga mapigo 17 kwenye shimo la mapigo matatu, na shimo limepewa jina lake. Mwana wa kibarua kashinda mashindano mazima, na amepewa kombe lake kwenye mvua. Uwanja ni ule ule. Nyasi ni zile zile.

Ndugu zangu, nitawaeleza kwa nini jambo hili linanichoma mimi binafsi. Nilianza kubeba begi nina miaka 13, kwenye klabu moja ambayo sitaitaja. Siku moja ya mwezi wa tano, mvua ya masika, ile ya kuja kwa mshindo. Tulikuwa shimo la tisa. Mwanachama wangu akakimbilia ndani. Mimi nilikuwa na begi begani, nikafika mpaka kwenye baraza, nikaambiwa makedi wakae kwenye mti wa mkungu. Tukasimama chini ya mkungu watu wanane. Majani ya mkungu ni makubwa, lakini mvua ikishapata njia inakushukia tone moja moja, shingoni, pale pale. Nilikuwa nimevifunika vichwa vya fimbo kwa taulo langu ili mishiko isilowe, maana mishiko ikilowa kosa ni la kedi. Kupitia dirishani nilikuwa naona ndani taa zimewashwa, na ukutani ule ubao wa mbao wenye majina ya manahodha wa klabu kwa herufi za dhahabu, mwaka baada ya mwaka. Nikausoma wote, kwa kuwa kazi nyingine sikuwa nayo. Mvua ilipopungua, mkono ukatoka dirishani na noti ya shilingi ishirini, bila uso.

Hapakuwa na sheria ya ubaguzi hapo. Nchi ilikuwa huru siku nyingi. Wanaume wanane tu chini ya mti, na baraza tupu hatua sita mbele yetu. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa.

Je, Papwa aliishia wapi? Mwaka 1965 alishinda tena mashindano ya wazi ya Natal, na safari hii alimshinda Gary Player mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora wa dunia. Mngetegemea milango ifunguke. Mwaka 1966 serikali ikampiga marufuku kushiriki mashindano ya nchi yake. Mtu anashinda, anafungiwa. Anashinda tena, anafungiwa zaidi. Alikufa mwaka 1978, hajafika miaka 50.

Ubaguzi ule ulipoondoka, taifa likamkumbuka. Alipewa nishani ya Ikhamanga, wakati yeye yuko kaburini. Durban wana uwanja wa gofu wa umma wenye jina lake, kando ya mto Umgeni, mto ule ule aliozaliwa karibu nao. Na uwanja wa Beachwood alikobeba mabegi, mnajua ukaja kuwa chini ya nani? Durban Country Club.

Nitulie hapo kidogo. Nataka tunywe maji.

Mvua ya tatu ni ya juzi tu. Mwaka 2025, mashindano ya wazi ya Afrika Kusini yamerudi Durban Country Club. Mvua ikanyesha, ikanyesha, mpaka ule mchanga niliousifu ukashindwa kunywa. Badala ya mashimo 72 wakacheza 54. Wawili wakawa sawa, Laurie Canter wa Uingereza na kijana wa nyumbani, wakapelekwa kwenye mchuano wa kuamua. Akashinda kijana wa nyumbani. Jina lake Dylan Naidoo. Mwafrika Kusini wa asili ya Kihindi.

Mimi niliipata habari kwenye simu nikiwa kwenye matatu, natoka Likoni. Nilisoma jina, nikasoma mahali, nikasoma neno mvua. Nikamwambia dereva naomba kushuka, ijapokuwa sikuwa nimefika. Nikatembea. Ningekaaje mle ndani na watu wasiojua kilichotokea? Miaka 62, uwanja ule ule, mvua ile ile, na kombe lile kubwa zaidi la nchi mikononi mwa mtoto ambaye babu zake wasingeruhusiwa kupanda zile ngazi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1963, mwaka wa picha ile, ndio mwaka ambao sisi hapa tulipandisha bendera yetu mwezi Desemba. Klabu zetu zikaanza kubadilika, taratibu, na leo manahodha ni Waafrika, Wahindi, Waarabu, wanawake kwa wanaume. Hilo ni jema na nalisema wazi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii wametokea kwenye begi. Lakini niulize. Nani aliyezifyeka nyasi za viwanja hivi mwaka wa kwanza? Nani alichota maji ya kuzimwagilia wakati wa kiangazi, kabla ya mipira ya plastiki ya kupitisha maji? Nani aliyegundua kwamba nyasi zetu za pwani zina mlalo, na kwamba mpira unaokwenda na mlalo unakimbia, na unaokwenda kinyume unakufa njiani? Hilo sikulisoma popote. Nilifundishwa na kedi mzee, alininamisha mpaka shavu likakaribia ardhi, akaniambia tazama, upande unaong'aa nyasi zimelala kukupa mgongo, upande wa giza zinakutazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alifariki, na jina lake haliko kwenye ubao wowote.

Haliko! Na sisi tuliolijua tukifa, litakuwa halijawahi kuwako.

Papwa tunamjua kwa sababu siku ile alikuwepo mtu mwenye kamera. Makedi wangapi walishinda kwenye mvua bila kamera? Sizungumzii vikombe tu. Nazungumzia yule aliyemfundisha bingwa kusoma upepo, yule mama aliyekuwa akiuza chai na mahamri pale langoni na kutukopesha tusipopata begi, yule mkata nyasi aliyekuwa akifika saa kumi na moja alfajiri na tochi mdomoni.

Kwa hiyo nimekuja na daftari. Ni hili hapa, la kurasa 200, jalada gumu. Nilinunua Digo Road asubuhi. Sijaandika kitu. Kila mwisho wa mwezi tutakutana hapa, na kila mzee atasimulia, na mmoja wa watoto hawa ataandika. Jina, jina la baba, mwaka ulioanza kazi, klabu gani, nani alikufundisha, na shimo gani unalolipenda na kwa nini. Klabu zikitaka nakala tutawapa kwa moyo mkunjufu, waweke kando ya ubao wao wa dhahabu.

Mzee wangu mwenye kofia ya kijani, wewe uliyeanza kubeba begi kabla ya uhuru, naomba uwe wa kwanza. Mtoto mwenye mwandiko mzuri ni nani? Wewe? Njoo na kalamu yako, ukae upande wake wa kulia, sikio la kushoto linamsumbua.

Kijana pale nyuma, msogezee mzee kiti.